Mtoto Mwenye Ualbino Anaona: Majibu kwa Yanayosemwa Posta na Kariakoo

Ukikaa kituo cha Posta ya Zamani na mtoto mwenye ualbino, hutakosa washauri. Mama muuza karanga atakutajia dawa ya macho, mzee aliye kando yako atakueleza nani alisababisha, na kijana mwenye boksi la miwani atakuuzia tiba kwa bei ya maelewano. Wengi wao wana nia njema. Ila sehemu kubwa ya wanayosema si kweli, na mengine humgharimu mtoto miaka yake ya shule. Hapa nayajibu yale yanayosikika sana kati ya Kivukoni na Kariakoo. Mengine yanataka maelezo marefu, mengine mistari michache inayatosha.

"Ualbino ni mambo ya ngozi. Mpake mafuta, basi."

Dai hili lina mizizi, na mizizi yake iko hapa hapa mjini. Ukitoka Posta ukashika njia ya ufukweni, ile ambayo tangu 2013 inaitwa Barack Obama Drive, unafika Ocean Road, hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na ambayo leo ni taasisi ya saratani. Mwaka 1985 Dk. Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam. Walieleza ngozi inayoanza kuharibika tangu utotoni, na saratani inayowapata watu wangali vijana. Chama cha watu wenye ualbino, TAS, kilikuwa kimekwisha kuanzishwa tangu 1978, na kwa miaka mingi kilio kikubwa kilikuwa kimoja: mafuta ya kukinga jua, kofia, mikono mirefu. Kilio hicho ni cha haki. Mzazi asiache mafuta hata siku moja, yawe Kilisun yanayotengenezwa Moshi au mengine yaliyopimwa.

Lakini ngozi ndiyo inayoonekana na watu wa barabarani. Jicho ndilo mtoto anaishi nalo kila dakika akiwa macho, na hakuna mafuta yake. Melanini, ile rangi inayokosekana kwenye ngozi na nywele, inakosekana pia ndani ya jicho, na huko kazi yake ni kubwa kuliko urembo. Mimba inapokua, melanini huongoza ujenzi wa retina, yaani ule utando wa nyuma unaopokea picha. Katikati ya retina pana kishimo kidogo kiitwacho fovea. Hicho ndicho tunachokitumia kusomea, kutungia uzi kwenye sindano, kutambua sura ya mtu ng'ambo ya barabara. Kwa mtoto mwenye ualbino kishimo hicho hakijengeki sawasawa, wakati mwingine hakipo kabisa. Kwa hiyo picha inafika, ila haifiki kwa undani.

Si hilo tu. Kwa kawaida nyuzi za neva zinazotoka katika kila jicho hugawanyika kwenye njia panda iliyo chini ya ubongo: kidogo zaidi ya nusu huvukia upande wa pili, zilizobaki huendelea upande wao. Kwenye ualbino nyingi mno huvuka. Mwaka 1975 Guillery, Okoro wa Nigeria na Witkop walieleza jambo hilo baada ya kuchunguza ubongo wa mtu mwenye ualbino. Matokeo yake mtoto hupata shida kupima kina, kama ngazi inayofuata iko chini kiasi gani au mpira uko umbali gani, na wengi hupata makengeza.

Kuna hata aina ya ualbino inayogusa macho peke yake, ambayo huwapata zaidi wavulana. Ngozi yao hukaribia kabisa ya ndugu zao, na kwa kuwa hakuna wa kuwatazama mara mbili njiani, hufika darasa la nne kila mtu akiamini ni wazembe.

"Huyu haoni. Mpeleke shule ya vipofu."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linasemwa na watu waliosoma.

Tuanze na vipimo. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtu kuwa kipofu pale jicho lake zuri, hata likiwa na miwani, linaposhindwa kufikia 3/60. Maana yake, kitu ambacho mwenye macho ya kawaida anakitambua akiwa mita 60, yeye hakitambui hata akisogea hadi mita 3. Kati ya hapo na 6/18 ndipo penye uoni hafifu. Watoto wengi wenye ualbino wako humo, mara nyingi kwenye 6/36 au 6/60. Wachache wana heri zaidi, wachache wako chini zaidi. Kwa lugha ya darasani, mtoto wa 6/60 aliyekaa dawati la mbele anaona ubaoni kitu fulani kilichoandikwa, haoni ni nini. Kitabu akikileta karibu na pua, anakisoma.

Sasa mtoto huyo afundishwe nukta nundu ya nini? Walimu wa nukta nundu wenyewe wanalijua jambo hili na baadhi hulisimulia wakicheka: mtoto mwenye uoni hafifu akipewa karatasi ya nundu, huinamisha kichwa akazisoma kwa macho. Vidole vinapita juu kwa heshima ya mwalimu. Mtoto anayeweza kuona kivuli cha nukta isiyo na wino, kwenye karatasi nyeupe, anashindwaje na herufi nyeusi ya ukubwa wa kutosha?

Historia imechangia. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi kwenye miaka ya 2000 ikielekea kwisha, hasa Kanda ya Ziwa, watoto walikimbiziwa shule za bweni zilizokuwa na ulinzi: Buhangija kule Shinyanga, Mitindo kule Misungwi. Nyingi zilikuwa tayari shule za wasioona. Nia ilikuwa kuwaokoa, na waliokolewa. Lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu ni kwamba mahali pa mtoto mwenye ualbino ni hapo. Hapa jijini tuna mfano wa karibu wa njia nyingine. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, upande wa Ilala, si mbali na Kariakoo, inasomesha watoto wenye ulemavu wa aina kadhaa pamoja na wasio na ulemavu, jina lenyewe linajieleza. Hata hivyo watoto wengi wenye ualbino hawahitaji kupelekwa mbali hata kiasi hicho. Shule ya mtaani kwao inawatosha, mradi mwalimu awe tayari kufanya mambo manne matano yasiyo na gharama kubwa.

Asome kwa sauti anachokiandika ubaoni. Amkalishe mtoto mbele, mgongo ukiwa upande wa dirisha, mwanga usimpige usoni. Amruhusu asogee hadi ubaoni kabisa bila kuomba kila mara. Ampe daftari la mwenzake anakilie, au nakala ya maandalio yake. Na pale penye mtihani au zoezi la karatasi, akuze maandishi. Hili la mwisho watu hudhani linataka mtambo maalumu. Ingia stesheneri yoyote ya Posta yenye mashine ya fotokopi, mwambie kijana akutolee A4 iwe A3. Mashine itakuza kwa asilimia 141, na herufi ya ukubwa wa 12 itatoka ikiwa karibu 17. Hiyo ni bei ya karatasi moja kubwa. Baraza la Mitihani, NECTA, lenyewe hutoa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na huongeza muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Ila shule isipomwandikisha mtoto kuwa ana uoni hafifu, mtihani utamkuta na karatasi ya herufi ndogo kama wenzake.

"Anajifanya. Mbona simu anaiona!"

Huyu ni ndugu wa dai lililotangulia, na mara nyingine yote mawili hutoka kinywani mwa mtu mmoja, asubuhi na jioni. Shangazi alimwona mtoto akicheza gemu kwenye simu, akaokota shilingi hamsini iliyoanguka sakafuni, kisha akampita shangazi huyo huyo barabarani bila salamu. Hukumu ikatoka: kiburi.

Simu iko sentimita kumi kutoka usoni, ina mwanga wake na inakuzika kwa vidole viwili. Shangazi alikuwa mita nane, jua la saa saba likiwa juu ya lami. Kitu ukikitoa sentimita 40 ukakileta sentimita 10, kinaonekana kikubwa mara nne. Ndiyo hesabu mtoto anayoifanya bila kufundishwa, na jicho la mtoto lina nguvu ya kulenga karibu ambayo sisi wa miaka 45 tumeshaiaga. Hapo hapo lijibiwe na lile la bibi: "Asisome karibu, ataharibu macho." Haharibu. Anachoweza kupata ni shingo kuuma, na dawa yake ni kibao cha kuinamisha kitabu.

Ukitaka kuona uoni hafifu unavyofanya kazi, mtazame kijana mwenye ualbino anayejua mji huu akisubiri gari la Mbagala. Maandishi ya ubavuni hayamsaidii mpaka gari lisimame. Rangi ya mstari wa daladala anaiona mapema, maana rangi anaziona kama wewe. Kondakta anapiga kelele ya njia yake, hiyo imo. Akibaki na shaka, anatoa simu, anapiga picha kibao cha mbele, anaikuza, anasoma, anapanda. Mtu wa pembeni anadhani anapiga picha za kuposti.

Uoni wa namna hiyo hubadilika kutwa nzima. Asubuhi kivulini ni mzuri, saa sita uwanjani ni mbaya, ukumbini penye mwanga tulivu ni mzuri tena. Mtoto akichoka au akiumwa, unashuka. Mwalimu aliyemwona akisoma vizuri saa mbili asishangae akimwona ameziba macho kwa kiganja saa saba.

"Macho yanacheza kwa sababu ya woga. Mshike kichwa akae sawa."

Macho hayo kwenda huku na huku, kama saa ya ukutani ya zamani, wataalamu huyaita nistagmasi. Huanza mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu hivi, mara nyingi kwa mawimbi makubwa ya polepole, kisha hupungua kadiri anavyokua. Mtoto hayachezeshi, na hawezi kuyazuia kwa kuambiwa. Wala dunia haimchezei, kwa kuwa ubongo wake umekua na hali hiyo na umeizoea. Woga na uchovu huzidisha mwendo, hilo ni kweli. Lakini woga wenyewe mara nyingi unaletwa na anayemkemea.

Kuhusu kichwa, naomba hapa nisikilizwe vizuri, hasa na walimu wa chekechea. Watoto wengi wenye nistagmasi wana pembe moja ambayo macho yao yakielekea huko, mwendo unapungua, pengine unakaribia kutulia. Mtoto huigundua mwenyewe. Kwa hiyo anageuza uso kushoto, au anainua kidevu, ili aangalie kupitia pembe ile. Kwa macho yetu anakaa upogo na anamtazama mwalimu kwa dharau. Kwa macho yake ndipo herufi zinapotulia. Ukimnyoosha kichwa kwa nguvu umemzimia taa. Badala yake mhamishe dawati: anayegeuza uso kushoto huwa macho yake yanaelekea kulia kwake, basi ubao nao ukae upande wa kulia wake.

Upasuaji wa misuli ya macho upo, na kwa baadhi ya watoto hupunguza kule kugeuza kichwa au kunyoosha makengeza. Haujengi fovea. Atakayekuahidi kwamba mtoto akitoka chumba cha upasuaji atasoma namba za magari toka ghorofani, mshukuru kisha uondoke.

"Mnunulie miwani Kariakoo, atapona."

Tofautisha miwani tatu, maana pale Mtaa wa Kongo zinapangwa kwenye meza moja na kuuzwa kwa maneno yale yale.

Ya kwanza ni miwani ya kusomea iliyotengenezwa tayari, ile yenye kikaratasi cha +1.50, +2.00, +3.00. Hiyo ni ya mtu mzima ambaye macho yake yamechoka kusoma karibu, na nguvu yake ni moja kulia na kushoto. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi ana astigmatizimu kubwa: kioo cha mbele cha jicho lake kimepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na pamoja na hilo huenda haoni mbali au anahitaji lenzi nzito za kuongeza. Astigmatizimu hurekebishwa kwa lenzi iliyochongwa kwa pembe maalumu ya jicho lile, na hakuna namna lenzi hiyo itapatikana kwa kujaribujaribu mezani. Lazima apimwe, tena kwa matone yanayolegeza macho, na mtu mwenye subira na macho yanayocheza. Idara za macho za Muhimbili na CCBRT kule Msasani hufanya kazi hiyo, na maduka ya miwani yenye wataalamu waliosomea yapo Posta yenyewe.

Ya pili ni miwani iliyopimwa. Hiyo inasaidia, na mtoto aanze nayo mapema, hata kabla ya darasa la kwanza. Ubongo wake ungali unajifunza kuona, upewe picha nzuri kadiri inavyowezekana. Ila haimfikishi 6/6. Wazazi wasipoambiwa hivi mapema hutokea jambo la kusikitisha: miwani inanunuliwa kwa shida, mtoto bado anasogeza kitabu usoni, baba anaona pesa imeliwa, miwani inawekwa kabatini. Miwani inaondoa ukungu wa umbo la jicho. Upungufu wa fovea unabaki palepale, na huo unapunguzwa makali kwa vifaa vya kukuza: lenzi nene ya kuweka juu ya ukurasa, darubini ndogo ya mkononi kwa ajili ya ubao, au simu.

Ya tatu ni miwani ya jua, na hapa machinga wa Kariakoo wana nusu ya ukweli. Irisi, ule mviringo wenye rangi, kazi yake ni kuzuia mwanga usipite isipokuwa kwenye mboni. Ikikosa melanini, mwanga hupenya hata pembeni, ukaingia jichoni kutoka kila upande. Nje ya ofisi za Posta, penye majengo ya vioo na zege jeupe, mwanga huo unaumiza. Miwani ya jua ni haki ya mtoto. Lakini weusi wa kioo hauelezi chochote kuhusu mionzi ya urujuanimno, na miwani nyeusi ti isiyozuia mionzi hiyo humpumbaza mtoto aache kukunja macho huku mionzi ikiendelea kuingia. Tena kwa mtoto mwenye uoni hafifu, kioo cheusi kupita kiasi kinamla hata ule uoni mdogo alio nao, hasa akiingia ndani. Wengi huona vizuri zaidi na rangi ya kahawia au ya kaharabu ya wastani. Na kabla ya miwani yoyote iwepo kofia yenye ukingo mpana pande zote, si kapelo, kwa sababu mwanga mwingi wa mji huu unaingia kwa juu. Shule inayomvua mtoto kofia mstarini kwa sababu ya sare inapaswa kuulizwa na mzazi, kwa barua ikibidi.

"Macho yao ni mekundu." "Usiku wanaona kama paka."

Wengi hapa kwetu wana macho ya kahawia hafifu, ya kijivu au ya samawati. Wekundu unaoonekana mara moja moja, hasa kwenye picha ya flashi, ni mwanga uliogonga damu ya nyuma ya jicho ukarudi. Na paka ana utando wa kuakisi mwanga nyuma ya retina, ambao binadamu hana, awe na ualbino au asiwe nao. Mtoto hupata nafuu jioni kwa sababu mwanga mkali umeondoka. Gizani anajikwaa kama sisi.

"Ni damu ya mama." "Mama aliona mtu mwenye ualbino akacheka." "Baba si yule."

Nimeyaweka pamoja kwa kuwa yana kazi moja, kumtafuta mwanamke wa kulaumiwa. Ndoa zimevunjika kwa dai hili, na baba akishaondoka, anaondoka pia na nauli ya kliniki. Ndiyo sababu nalihesabu kuwa dai la macho.

Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba, moja ya mama. Aina ya ualbino iliyo nyingi Tanzania inatokana na jeni iitwayo OCA2, iliyo kwenye kromosomu ya 15. Mwaka 1995 Spritz na wenzake, akiwemo yule yule Luande wa uchunguzi wa ngozi, walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa Tanzania wana kasoro inayofanana: kipande chenye herufi kama 2,700 za kijenetiki kimekatika. Kipande hicho hicho kinakosekana kwa watu wenye ualbino katika nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, na hata kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Maana yake kasoro hiyo ni ya zamani, imesafiri na watu, wala haina uhusiano na alichokiona mama sokoni akiwa na mimba ya miezi mitatu.

Mwenye nakala moja nzima na moja yenye kasoro hana ualbino. Ngozi yake ni ya kawaida, macho yake ni ya kawaida, hajui. Tanzania inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 19 yuko hivyo. Hesabu abiria wa Coaster iliyojaa ikitoka Posta jioni, utaona kwamba kwa wastani humo ndani wamo zaidi ya mmoja. Wawili kama hao wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ualbino. Kumi na tisa mara kumi na tisa mara nne ni 1,444, na makadirio yanayotajwa kwa Tanzania ni mtoto mmoja kati ya 1,400 hivi. Hesabu inakubali. Na inakubali kwa sharti moja tu, kwamba baba naye ametoa nakala yake. Mtoto akizaliwa na ualbino wa aina hii, yule baba anayekana amechangia nusu kamili.

Linalofuata huulizwa kwa kunong'ona na dada zetu wenye ualbino wanaotaka kuolewa. Mwenye ualbino akizaa na mtu asiyebeba kasoro ile, watoto wote watabeba nakala moja, na hakuna atakayekuwa na ualbino. Akizaa na anayebeba, nafasi ni nusu kwa nusu. Wote wawili wakiwa na ualbino wa jeni ile ile, watoto watakuwa nao.

"Karoti, maini, na yule mganga wa matone."

Upungufu wa vitamini A upo na unapofusha watoto. Karoti, maini, mchicha na matone ya kliniki vina kazi yake huko. Kwenye ualbino havigusi kitu, kwa sababu kilichokosekana si chakula. Mpe karoti kwa kuwa ni tamu.

Matone ya miti ni habari nyingine. Mwaka 1994 Yorston na Foster walichapisha utafiti wa hapa Tanzania uliohusisha dawa za kienyeji za macho na vidonda vya konea, kile kioo cha mbele. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likikaa katikati mtoto aliyekuwa na 6/36 anaweza kubaki na jicho la kuona mwanga tu. Amepewa upofu ambao ualbino haukumpa.

Maana ualbino wenyewe haupofushi. Uoni wa mtoto haushuki mwaka hadi mwaka, na kwa wengi hupanda kidogo wanapokua, nistagmasi inapotulia. Wanaouza hofu ya "atapofuka akifika ishirini" wanauza kitu kisichokuwepo. Wanaouza tiba nao vivyo hivyo. Kule Marekani wamejaribu levodopa, dawa ya ugonjwa wa kutetemeka, kwa watu wenye ualbino, na uoni wao haukuongezeka kuliko wa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Utafiti wa jeni unaendelea. Atakayekuletea kichupa Kariakoo hajautoa huko.

"Kila kitu ni ualbino tu, usihangaike na hospitali."

Hili husemwa na mzazi aliyechoka, nami namwelewa, lakini ndilo la hatari kuliko yote. Mtoto mwenye ualbino hupata magonjwa ya macho ya watoto wengine wote. Macho yakitoa usaha, jicho likivimba na kuuma, uoni ukishuka ghafla kwa mtoto aliyekuwa akisoma vizuri, huo si ualbino.

Kuna pia aina nadra sana za ualbino zinazokuja na jambo jingine mwilini. Mojawapo, iliyoelezwa na Heřmanský na Pudlák wa Chekoslovakia mwaka 1959, humfanya mtu avilie damu kwa urahisi. Mtoto anayepata mabaka ya kuvilia bila kugongwa, au ambaye damu ya pua haikatiki, daktari aambiwe hivyo waziwazi kabla ya kung'olewa jino, kutahiriwa au kupasuliwa makengeza.

Na ikitokea kwenye picha ya simu mboni moja ikatoka nyeupe kama lulu, au ukaiona hivyo taa inapompiga usoni, usingoje tarehe ya kliniki. Weupe huo waweza kuwa mtoto wa jicho, na waweza kuwa saratani ya retina, ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano na hutibika ikiwahiwa. Mpeleke Muhimbili wiki hiyo hiyo, na picha uende nayo.